Majibu ni ya Nani?



Kama umewahi kumsindikiza mgonjwa kwenye kliniki ya hospitali kubwa, utaratibu wake unaujua. Mmekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Mgonjwa, tuseme ni mama mtu mzima, amejitanda khanga, kaegemea bega la bintiye, kikapu chenye chupa ya uji kiko miguuni. Siku chache zilizopita alikatwa kinyama kikapelekwa maabara, na leo ndiyo siku ya majibu. Sista anatokea mlangoni na faili mkononi, anaita jina. Mama anajikusanya ainuke. Sista anamtazama, halafu anamtazama aliye pembeni yake. "Nani amekuja na mama huyu? Dada, hebu pita ndani kidogo. Mama, wewe pumzika tu hapo."

Mlango unafungwa. Mama amebaki kwenye benchi, na huko ndani watu wawili wanazungumza habari za mwili wake. Baadaye binti anatoka, macho mekundu, bahasha ya kaki kaishika kwa mikono miwili.

"Wamesemaje?"

"Ni vidonda vya tumbo, mama. Wametupa dawa."

Leo nataka tuzungumze juu ya huyu aliyeachwa kwenye benchi. Tumezoea kuulizana kama mgonjwa asiyepona aambiwe au asiambiwe. Mimi naona swali hilo limekaa upande, maana hospitalini kwetu habari huwa inasemwa. Anaambiwa kaka, anaambiwa mume, anaambiwa shemeji aliyekuja na gari, na jioni hiyohiyo imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile jipya lililofunguliwa ili mgonjwa asiwemo. Wote wanajua isipokuwa mwenye tumbo lake. Kwa hiyo la kuuliza kwanza ni hili: majibu ni ya nani?

Sitaki kuwakejeli ndugu. Anayeficha haoni kwamba anadanganya, anaona anauguza. Tunasema usimvunje mgonjwa moyo, na aliyeona mtu akiacha kula kwa sababu ya hofu halichukulii neno hilo kuwa mzaha. Tena kwetu mgonjwa si wa peke yake. Nauli imechangwa, zamu za kulala naye hospitalini zimepangwa, aliyelipia kipimo ni mjomba aliyeko Muscat. Watu hao wote kuwafungia mlango kwa sababu ya siri za mgonjwa ni jambo ambalo lingeonekana ufedhuli, na mimi nakubali kwamba wana sehemu yao katika habari hiyo. Ninachogombea ni foleni. Nani aingie kwanza.

Na siri yenyewe, hata tukitaka, hatuiwezi. Dar es Salaam mgonjwa anapewa rufaa kwenda Ocean Road. Jengo hilo la pwani lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani inayojitegemea. Jina la ugonjwa limo ndani ya jina la taasisi, na ukisema mjini kwamba fulani kapelekwa Ocean Road hakuna anayekuuliza anaumwa nini. Halafu mtu huyohuyo tunamwambia anakwenda kupigwa "miale ya kukausha kidonda". Anakaa kwenye foleni ya mionzi na wenzake, mmoja kanyonyoka nywele, mwingine anamsimulia kwamba yeye ni dripu ya nne hii. Wagonjwa huongea. Ikifika saa nane mchana mama ameshajua kila kitu kutoka kwa mtu asiyemjua, na akirudi nyumbani anatutazama tunavyohangaika na hadithi ya vidonda.

Sasa nikupeleke kwenye mlango mwingine wa hospitali ile tuliyoanzia.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Miaka mingi iliyofuata ugonjwa ule haukuwa na dawa. Kuambiwa unao ilikuwa kuambiwa utakufa, tena kwa aibu juu yake, na familia wakati ule zilificha kuliko zinavyoficha saratani leo. Pamoja na hayo yote, tulijifunza. Tukawapata washauri nasaha, vyumba vidogo vyenye viti viwili, mazungumzo kabla ya kupima na mazungumzo baada ya kupima. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ikaweka wazi kwamba majibu ni siri ya aliyepimwa, na unasihi ni lazima. Leo muuguzi wa zahanati ya kijijini anajua kwamba hawezi kumwita shemeji wa mgonjwa akamwambia majibu ya VVU huku mgonjwa yuko nje. Akifanya hivyo amevunja sheria.

Fikiria basi. Wodi moja, daktari mmoja, mgonjwa mmoja. Kipimo cha VVU anaambiwa yeye, faragha, kwa upole, baada ya kuulizwa kama yuko tayari. Kipimo cha kinyama anaambiwa kaka yake kwenye korido. Sijasikia mtu akinieleza tofauti hii ikaniingia akilini. Wapo wanaosema UKIMWI sasa una dawa. Ndiyo, lakini utaratibu ule wa kumwambia mtu mwenyewe tulianza kuujenga kabla dawa hazijafika, wakati mshauri hakuwa na kitu mkononi cha kumpa. Ufundi huo tunao, umo ndani ya watumishi wetu wa afya. Tumeuacha kwenye chumba kimoja.

Kuna hoja nyingine huwa inaletwa, kwamba kumwambia mgonjwa ukweli ni mambo ya Wazungu. Hoja hii haina miguu. Mwaka 1961 daktari aitwaye Donald Oken alichapisha uchunguzi alioufanya kwa madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago. Takriban 90 kati ya kila 100 walisema wao humficha mgonjwa kwamba ana saratani. Hao ni Wamarekani, na sababu walizotoa zingeweza kutolewa na baba yako mkubwa: atakata tamaa, atajidhuru, mwacheni apumzike. Madaktari wa Marekani walipoulizwa tena, majibu yakachapishwa mwaka 1979, 97 kati ya 100 wakasema wao humwambia. Miaka isiyofika 20! Katikati hapo dawa ziliongezeka, wagonjwa wakaanza kudai haki zao, na kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969 kikawaonyesha watu kwamba wanaokufa walikuwa wanatamani kuzungumza, ila hakukuwa na wa kuzungumza naye. Desturi ile haikuwa ya Wazungu wala ya Waswahili, ilikuwa ya watu wenye hofu.

Wakubwa nao hawakusalimika. Eva Perón, mke wa Rais wa Argentina, aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Novemba 1951 akapasuliwa na bingwa aliyeletwa kutoka New York, George Pack, ambaye alifichwa asionekane, akafanya kazi yake na kuondoka. Mgonjwa hakujua nani kampasua wala kapasuliwa kwa ugonjwa gani. Siku chache baadaye akaletewa sanduku la kura kitandani, katika uchaguzi wa kwanza wa rais ambao wanawake wa nchi ile walipiga kura, haki aliyoipigania yeye. Yaani mwanamke huyo alionekana ana akili za kutosha kuchagua serikali, lakini si za kutosha kuambiwa habari za kizazi chake. Alikufa Julai 1952 na miaka 33. Mfalme Hirohito wa Japani naye alipopasuliwa mwaka 1987 watu wakatangaziwa kwamba ana uvimbe wa kongosho. Saratani ilitajwa rasmi alipokwisha kufa, Januari 1989.

Upande wa pili nimkumbuke Ken Okoth, mbunge wa Kibra kule Nairobi. Mwaka 2019 alijitokeza mbele ya watu akasema ana saratani ya utumbo mpana na imefika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huohuo. Miezi ile michache ilikuwa yake, akijua anaitumiaje.

Msikilizaji, niingie sasa kwenye gharama, maana uficho una gharama na hazilipwi na mgonjwa peke yake.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani Tanga. Alipougua, kaka zake walikaa wakakubaliana asiambiwe. Nilisimuliwa na mama mdogo, mkewe, kwamba mzee alikuwa akisubiri wageni waondoke, anaomba taa na lile daftari lake la vipimo, anamwita mwanawe mkubwa. Kitambaa hiki ni cha mwalimu, kimekatwa hakijashonwa, umrudishie na nusu ya hela. Suruali hii ya bwana wa bandarini, toka Idi hajaja kuichukua, usimdai. Anakwenda ukurasa kwa ukurasa. Asubuhi kaka zake wakija na machungwa anawauliza, "Hivi vidonda vya tumbo mnasema huchukua muda gani kupona?" Wanamjibu. Anashukuru. Hesabu za vitambaa vya watu alizimaliza zote. Kiwanja chake cha nyumba hakukitaja hata mara moja, kwa sababu kukitaja kungekuwa kuwaambia kaka zake kwamba anajua, naye aliwaonea huruma. Baada ya arobaini kiwanja kikaenda baraza la ardhi, na wale waliokuwa wakileta machungwa pamoja hawasalimiani mpaka leo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walimsema mgonjwa anayeficha. Hapa wanaoficha ni wauguzaji, na kilio kinawaumbua wao.

Kwa Waislamu jambo hili ni zito zaidi ya mirathi. Mtu anaruhusiwa kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasio warithi wake. Madeni yake yanalipwa kabla ya wosia na kabla ya mrithi kugusa chochote. Na kuomba radhi kwa watu ni jambo la mtu mwenyewe, halirithiwi. Ukimwambia mtu atapona wiki ijayo, umemwambia wosia unaweza kusubiri. Na kwa Wakatoliki nimeona mara nyingi familia ikichelewesha kumwita padre kwa ajili ya mpako wa wagonjwa, kwa sababu padre akiingia mlangoni mgonjwa "atajua". Padre anaitwa mgonjwa ameshapoteza fahamu. Mtu amesali maisha yake yote, na siku aliyoihitaji sala tukamnyima ili tusimtie hofu.

Kuna fedha pia. Shamba linauzwa, gari la biashara linauzwa, mgonjwa anapelekwa India. Mara nyingine kuna sababu nzuri kabisa ya kwenda, daktari ameona kuna tiba. Lakini mara nyingine daktari amemwambia kaka kwamba imesambaa, hapana cha kutibu, na safari inafanyika tu ili mgonjwa asishangae mbona hatibiwi. Mwenye shamba hakuulizwa kama anataka kutumia shamba la wanawe kwa safari hiyo. Huenda angesema ndiyo. Huenda angesema, nirudisheni nyumbani nikae na wajukuu.

Na kuna maumivu. Hili watu hawalifikirii. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyepitia Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Dawa yake kubwa ilikuwa mofini ya unga, inayochanganywa na maji ikatiwa kwenye chupa ya plastiki, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Haina gharama kubwa. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa waiandike, bila kumngoja daktari ambaye hayupo. Kazi ya namna hiyo hapa kwetu tunaiita tiba shufaa, na mofini ya kunywa inatolewa hapa pia. Lakini dawa hii ina masharti. Inanywewa kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Sasa mweleze mtu mwenye "vidonda vya tumbo" kwa nini anywe mofini hata kabla hajaumwa. Hutaweza. Ndugu nao wanaiogopa, wanaona ni dawa ya kufia, wanaificha kabatini wanampa vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu. Nyumba inasikia mtu akiugulia usiku kucha huku chupa iko chumba cha pili. Hapo uongo wetu wa huruma umegeuka mateso ya mwili.

Tukubaliane basi kwamba mgonjwa aingie kwanza. Aambiweje? Maana nao wapo madaktari, na si wachache, wanaodhani ukweli ni kumtupia mtu karatasi. "Mzee una kansa, imesambaa, nenda tu nyumbani." Mtu anatoka hapo hajui hata geti liko wapi. Huo ni ukatili, na ndiyo unaowafanya ndugu wakimbilie kuficha.

Ajabu ni kwamba kupeleka habari nzito ni kazi ambayo sisi tunaijua sana. Tazama msiba unavyopelekwa. Haachiwi mtoto. Wanatumwa watu wazima, wawili au watatu, wanabisha hodi, wanasalimia, wanaomba kukaa. Wanauliza wewe una habari gani. Wanatanguliza kwamba hali haikuwa nzuri. Wanasema. Halafu wananyamaza, na hawaondoki. Vitabu vya madaktari siku hizi vinafundisha hatua hizohizo, moja baada ya nyingine, utadhani mwandishi alikulia Pangani.

Tatizo ni umri, na hili nalisema kwa kuwahurumia madaktari vijana. Kijana wa miaka 27, ametoka kumwamkia mzee shikamoo, atamwambiaje kwamba hatapona? Adabu zake zote zinamkataza. Ndiyo maana anamtafuta kaka wa makamo kwenye korido. Dawa yake ninavyoona ni kuanza mapema, siku ya kukata kinyama, kabla mtu yeyote hajajua chochote. "Mzee wangu, wewe mwenyewe umekuwa ukifikiri unaumwa nini?" Utashangaa wangapi wataitaja saratani wao wenyewe. Kisha: "Majibu yakitoka, ungependa tuzungumze mimi na wewe, au awepo mtu wako? Na ungependa nikueleze yote, au yale ya matibabu tu?" Hapo kijana hajavunja adabu. Ameomba ruhusa, na mzee ndiye aliyetoa amri.

Wapo watakaosema, mwanangu, hayo zungumza na mkubwa wa nyumba, mimi nipe dawa. Basi. Huyo ametumia haki yake, na kumlazimisha asikie ni kumdhulumu vilevile. Tofauti yake na yule mama wa kwenye benchi ni kwamba huyu aliulizwa. Na aulizwe tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa watu hubadilika.

Halafu litakuja swali la muda. "Daktari, nimebakiza muda gani?" Hapa ukweli wenyewe ni mwembamba. Mwaka 2000 watafiti Christakis na Lamont walichapisha walichokiona Chicago: madaktari 343 waliombwa wakadirie siku za wagonjwa 468 waliokuwa wakiingia kwenye huduma ya wanaokaribia kufa. Waliokadiria vizuri ni kama 20 kwa kila 100. Wengi walizidisha, na kwa wastani walikisia zaidi ya mara tano ya siku ambazo mgonjwa aliishi. Na kadiri daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu, ndivyo alivyokosea zaidi. Upendo unatia ukungu hata kwenye hesabu. Kwa hiyo anayekuambia miezi sita kamili anakupa namba asiyokuwa nayo. Mkweli atasema: naona tunahesabu wiki, huenda ikawa miezi, mambo ambayo ungetaka yafanyike ukiwa na nguvu, yafanye sasa. Hayo yanatosha kumfanya mtu aite wanawe.

Na hofu kwamba ukweli unaua? Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Boston, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu walipewa tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo, yenye mazungumzo ya wazi juu ya hali yao na wanachokitaka. Wale wa pili hawakupewa sana matibabu makali siku za mwisho kama wenzao, wakawa na huzuni ndogo kuliko wao, na wakaishi miezi 11.6 kwa wenzao 8.9. Sisemi maneno ndiyo yaliyowaongezea miezi. Walipata na huduma nyingine. Nasema hawakufa kwa kuambiwa.

Ninyi madaktari na masista mnaonisikiliza mkiwa zamu, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Ukitoka mlangoni na faili, ita jina lililoandikwa kwenye faili. Mwenye jina akiingia, muulize anataka nani aingie naye. Nawe ndugu uliyepo pembeni, ukiitwa wewe badala yake, sema hivi: "Daktari, mwenye majibu ni mama. Mwulize yeye kwanza, mimi nipo hapa."